Biashara ndogo ya ukocha inapovurugika: dalili, chanzo na la kufanya

Kocha ninayemzungumzia hapa si wa mpira, yule wa uwanja wetu wa Mkwakwani hapa Tanga. Ni yule dada wa Chumbageni anayewaandaa vijana kwa usaili wa ajira, mwalimu mstaafu wa Makorora anayewafundisha kina mama wa vikundi kupanga bei na kulinda mtaji, au kaka wa Raskazone anayewanoa watu kuzungumza mbele ya kadamnasi. Ni kazi ya mtu mmoja, simu moja na meza moja sebuleni, au chumba cha kupanga juu ya duka. Wateja kumi, kumi na watano, wakizidi sana ishirini na tano.

Kwa ukubwa huo, vurugu mara chache hutokana na wingi wa kazi. Fundi baiskeli wa Ngamiani ukimpelekea baiskeli inayolia hakimbilii spana. Anaipindua, anazungusha tairi kwa mkono, anasikiliza mlio unatokea wapi. Makocha wengi huanza na spana: wanapakua programu ya kupangia wateja, wananunua daiari ya ngozi, wanafungua jedwali lenye safu thelathini. Mwezi mmoja baadaye mlio ni ule ule.

Kila jambo likipotea, iwe miadi, pesa, ahadi au siri ya mtu, usianze kuuliza limepotelea wapi. Uliza liliingilia wapi. Kwa simu ya kupigwa? Kwa voisi? Kwa mdomo ulipokutana na mtu sokoni Mgandini? Kwa mtoto aliyetumwa na mama yake? Na lilipoingia, liliandikwa saa ile ile mahali pake, au uliliacha kichwani mpaka ufike nyumbani? Karibu kasoro zote zinazofuata huanzia pale mlangoni, siku kadhaa kabla hujaziona.

Wateja wawili barazani kwa wakati mmoja, au uliyemngoja hakutokea

Kagua kwanza saa yenyewe. Mteja anaandika "kesho saa 10". Wewe uko ndani ya daladala, unafungua kalenda ya simu, unaandika 10:00 upesi upesi. Simu inakulilia saa nne asubuhi, unamsubiri mtu asiyekuja, unakasirika, unampa mwingine nafasi ya jioni. Saa kumi jioni wote wawili wako mlangoni wamevua viatu.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua miadi zote zilizogongana au kukosewa mwezi huu, ulinganishe saa uliyoandika na saa aliyofika mteja. Tofauti ikiwa saa 6 kamili, umepata jibu na hakuna wa kumlaumu. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo.

Dawa: weka simu kwenye mfumo wa saa 24, na kwenye jina la miadi andika saa yetu kwa maneno. Isomeke "Kumi jioni, Mama Salma, bei za vitenge", na yenyewe iwekwe 16:00. Ukitaka kuhakikisha, toa 6 kwenye saa ya simu, na kikibaki zaidi ya 12 toa tena 12. 16:00 inabaki kumi. 20:00 inabaki kumi na nne, yaani saa mbili usiku. Hesabu hii inagoma alfajiri, lakini sijamwona kocha anayefanya vikao alfajiri. Halafu kila unapothibitisha kwa mteja, rudia siku, tarehe na kipindi cha siku: "Nimekuandika kesho Jumanne tarehe 10, saa kumi jioni." Tarehe usiiache, hasa kwa vikao vya usiku. Ukimwambia mzee wa hapa "usiku wa Ijumaa" anaweza kukuelewa ni Alhamisi kuamkia Ijumaa, na kijana wake akaelewa ni Ijumaa yenyewe, na kila mmoja akawa sahihi kwa mazoea yake.

Ikiwa saa hazina tatizo, tazama idadi ya kalenda. Jiulize kesho una nini, kisha hesabu umepekua sehemu ngapi kabla ya kujibu. Daiari mezani, kalenda ya simu, meseji za WhatsApp na karatasi iliyobandikwa kwenye friji ni sehemu nne, na kila moja ina ukweli wake. Bakisha moja. Mtu wa karatasi abaki na karatasi, sina ugomvi naye, ila daftari hilo litembee naye mkobani. Daftari lililobaki nyumbani ndilo linalomfanya kocha aseme "haya, njoo tu" bila kuangalia. Sentensi ya kuizoea ni hii: "Ngoja nitazame, nakujibu sasa hivi." Kama kweli huwezi kutazama, usikubali.

Kuna mteja ambaye saa ni sawa, kalenda ni moja, na bado haji. Huyo mkumbushe jioni ya kabla, mnamo saa moja usiku, wakati watu wamesharudi majumbani na simu ziko mkononi. Akijibu "inshallah", usifunge mazungumzo hapo. Mwenye nia husema inshallah, na anayetafuta njia ya kukukwepa kwa adabu naye husema inshallah. Swali la pili ndilo linalowatenganisha: "Utatokea kazini au nyumbani?" Mwenye nia atakujibu papo hapo.

Miadi zikivurugika kwa mkupuo, wateja watano ndani ya wiki moja, tazama majira. Ramadhani inaua vikao vya kudumu vya saa kumi jioni, kwa kuwa watu wako jikoni na sokoni wakijiandaa kufuturu. Na kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma siku 10 hadi 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, ratiba ya mwaka jana huwezi kuinakili. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, muulize kila mteja anataka saa gani: wengine watachukua asubuhi, wengine baada ya tarawehe, wengine watakuomba msimame mpaka baada ya Idi, na hilo nalo ni jibu la kuandika. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mteja anayetoka Pongwe au Amboni mwekee kikao cha simu kama akiba. Mkubaliane mapema kwamba mvua ikinyesha mtazungumza kwa simu saa ile ile.

Wenye wateja nje ya nchi wana shida yao ndogo. Aliye Muscat yuko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima. Aliye Uingereza yuko nyuma saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi chao, kwa kuwa kule husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kikao kikigoma ghafla wiki hizo, sababu ni hiyo. Weka miadi kwenye kalenda kwa saa za mji wake, simu itageuza yenyewe.

Pesa zinaingia, mwisho wa mwezi hazionekani

Hapa pana magonjwa manne, na makocha huyatibu yote kwa dawa moja, kupandisha bei. Pandisha ukitaka. Kabla ya hapo kaa chini na kaunta buku tupu, ufungue meseji za miamala za mwezi uliopita, unakili kila iliyoingia: tarehe, kiasi, jina lililotokea kwenye meseji, na mteja aliyelipa hasa. Safu ya nne ndiyo itakayokutoa jasho.

Ukikwamia kwenye majina, chanzo ni kwamba laini anayotumia mteja imesajiliwa kwa jina la mume au la binamu. Au mteja alikwenda kwa wakala pale stendi ya Kange akaomba awekewe moja kwa moja kwenye namba yako, jina lililokuja likawa la wakala. Siku ile ulijua ni za nani. Baada ya wiki tatu hujui, unamdai mtu aliyekwishalipa, na katika mji kama wetu maneno hayo yatakuwa kibarazani kabla ya magharibi. Dawa ni risiti ya meseji siku ile ile: "Asante Mama Salma, nimepokea 40,000 leo tarehe 12 Juni, ni ya vikao viwili vya kwanza, vimebaki viwili." Meseji hiyo inafanya kazi mbili, kwani akiona umekosea atakwambia pale pale. Pesa ikiingia na hujui mwenyewe, iandike ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya kichwa "haijapata mwenyewe", pamoja na namba ya muamala. Usiitie kwenye jumla ya mtu yeyote mpaka umjue.

Majina yakiwa sawa lakini jumla inazidi au kupungua kidogo kidogo, tatizo ni ile pesa ya kutolea kwa wakala. Mmoja ametuma 20,000 kavu, mwingine ametuma 20,000 na ya kutolea juu yake, wewe umeandika zote kama ada. Amua moja uwaambie wote. Lipa namba inamaliza ubishi huu, maana mteja analipa ada kamili na hakuna mazungumzo ya "ongezea ya kutolea", ambayo mimi nayaona hayapendezi kwa mtu anayejiita mshauri wa biashara.

Daftari likilingana na simu lakini mkononi hamna kitu, hakuna ukuta kati ya pesa ya kazi na pesa ya nyumbani. Ada ya kikao cha asubuhi imeshanunua samaki changu pale soko la Deep Sea kabla ya adhuhuri. Kula samaki ni haki yako, ila umekula bila kujilipa. Chukua laini ya pili iwe ya kazi tu, kisha mara moja kwa wiki ujitumie kiasi kinachojulikana kwenda laini ya nyumbani, na ukiandike kama kilivyo: "nimejilipa". Ikifika Alhamisi laini ya nyumbani imekauka, hiyo ni habari muhimu kuhusu bei zako, na sasa mjadala wa kupandisha una msingi.

Ugonjwa wa nne haupo kwenye simu kabisa. Hesabu vikao ulivyofanya, linganisha na vilivyolipiwa. Mteja alinunua vikao 4, mkajikuta mmefanya 6, kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu na wewe uliona haya kuuliza. Chora viboksi vinne mbele ya jina lake, ukate kimoja kila mnapomaliza, yeye akiwa bado amekaa. Mbele ya macho yake hutahitaji kuona haya, kwa sababu kiboksi cha mwisho kitajisemea chenyewe.

Bei ya ndugu nayo ipo, na sidhani mtu wa Tanga anaweza kuikwepa. Usiifute, iandike. Ada 20,000, punguzo la undugu 10,000, amelipa 10,000. Mwisho wa mwezi utaona kwa tarakimu umesaidia ukoo kiasi gani, na utaamua mwezi ujao usaidie zaidi au upunguze. Daftari hili hili ndilo utakalofungua ukienda TRA, mamlaka ya mapato, kukadiriwa kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, basi usilichome ukihama nyumba.

"Tuliishia wapi?" Na wewe hukumbuki

Muulize kocha kama huandika kumbukumbu za vikao, atakwambia anaandika. Mwombe akuonyeshe kikao cha pili cha mteja fulani, atapekua dakika tano. Kumbukumbu zipo ila zimeandikwa kwa tarehe, mfululizo, wateja wote wakiwa wamechanganyika kwenye daftari moja kama walivyokuja. Ukurasa wa Salma uko kati ya Juma na kikundi cha wauza dagaa.

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili (2 quire) hapo steshenari yoyote. Mpe kila mteja kurasa sita zinazofuatana, uandike namba za kurasa pembeni, na ukurasa wa kwanza wa daftari uwe orodha: jina na ukurasa anapoanzia. Juu ya ukurasa wa mteja andika anachotaka kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "nimechoka kuuza kwa mkopo", andika hivyo hivyo, usiandike "kuboresha usimamizi wa mauzo". Baada ya miezi miwili mtarudi kwenye sentensi hiyo kupima kama mmefika.

Kila kikao kina mistari minne. Mfano wa mama wa vitenge:

Kikao cha 3, Jumatano 11 Juni.
Kilichojitokeza: majirani watano bado wanachukua kwa mkopo, wawili ni mawifi zake.
Yeye ameahidi: daftari la madeni liwe limeandikwa kufikia Jumamosi.
Mimi nimeahidi: kumtumia mfano wa daftari hilo Alhamisi asubuhi.

Mstari wa nne ndio unaokosekana kwenye madaftari mengi niliyoyaona. Kocha anaandika ahadi za mteja tu, za kwake anaziacha hewani, kisha anashangaa mteja naye hatekelezi. Mteja aliyengoja mfano wa daftari mpaka Jumatatu atakuja kikao cha nne mikono mitupu, na ana haki.

Ikiwa mistari minne hiyo inakushinda kuandika, angalia nafasi kati ya vikao. Ukipanga saa tatu mpaka nne, nne mpaka tano, hakuna dakika ya kuandika, na ukifika jioni vikao vimekuwa kimoja kirefu. Kikao kiwe dakika 50, kumi zinazobaki kutimiza saa ni za daftari, mteja akiwa anavaa viatu. Na kama unaandika kurasa tatu kila kikao kisha huzisomi, umekuwa katibu wa mkutano. Rudi kwenye mistari minne.

Voisi ni mtihani wa peke yake. Mteja anakutumia ya dakika sita akiwa njiani, ndani yake kuna jambo moja la maana, na voisi haitafutiki kwa neno. Ukiisikiliza, toa mstari mmoja uuandike kwenye ukurasa wake. Usipoandika, utaisikiliza tena yote wiki ijayo.

Kwa anayewaandaa watu wa usaili, ongeza kitu kimoja: tarehe ya usaili kwa kalamu nyekundu juu kabisa ya ukurasa, pamoja na hatua aliyofikia. Usaili wa kuandika, wa vitendo kwa kada zinazohitaji, na wa mahojiano ni mitihani mitatu inayotaka maandalizi tofauti. Nimeona kijana akifundishwa namna ya kukaa mbele ya jopo wakati mtihani wa kuandika uko siku tatu mbele, kwa sababu ukurasa wake haukusema yuko hatua gani.

Wanaouliza ni wengi, wanaoanza ni wachache

Fungua mazungumzo kumi ya mwisho ya watu walioulizia na hawakuanza, usome mstari wa mwisho tu wa kila moja. Yakiishia kwa bei, huenda ni bei, au umeitaja bila kusema mteja anapata nini. Yakiishia kwa wewe kusema "nitakujibu", umeshajua. Yakiishia kwa yeye kusema "nitakucheki", hakuna aliyepanga siku, na kazi ya kupanga siku ni yako: "Sawa, nikukumbushe Jumatatu?"

Kwenye WhatsApp Business weka lebo tatu tu: ameuliza, namdai jibu, ameanza. Andaa na jibu la haraka moja lenye ada, mahali, muda wa kikao na namna ya kulipa. Tabia ya kuficha bei mpaka mtu aje faragha inachosha watu, na anayeulizia mara mbili hakuulizii ya tatu.

Ukishindwa hata kuyapata mazungumzo yenyewe, sababu ni majina. Simu ina kina Mama Asha watatu, mmoja shangazi, mmoja wa maziwa, mmoja mteja. Mhifadhi mteja kwa kazi na mtaa: "Mteja Asha Sahare usaili". Ukiandika "Mteja" kwenye kutafuta, wote wanajipanga.

Simu hailali, meseji mpaka saa sita usiku

Wengi hulaumu wateja wasio na mipaka. Ukikagua utakuta mipaka haikuwahi kutajwa. ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa 1995, katika kanuni zake za maadili linamtaka kocha ahakikishe mteja ameelewa, kabla ya mkutano wa kwanza au ndani yake, ukocha ni nini, usiri unafika wapi, malipo yakoje na masharti mengine. Huhitaji mkataba wa mwanasheria. Nusu ukurasa kwa Kiswahili cha kawaida, mkausoma pamoja, kila mmoja akabaki na nakala: ada, idadi ya vikao, ukichelewa inakuwaje, ukighairi inakuwaje, meseji zinajibiwa saa ngapi mpaka saa ngapi.

Kisha utii ulichoandika. Ukijibu swali saa tano usiku mara moja, umeandika mkataba mpya, na mteja atafuata huo mpya. Ujumbe wa kutokuwepo kwenye WhatsApp Business unaweza kuwekewa ratiba, ukajituma wenyewe kuanzia saa mbili usiku. Maneno yake yawe ya kwetu: "Shikamoo au habari za saa hizi. Nimeiona meseji yako, nitaijibu kesho asubuhi kuanzia saa tatu." Shikamoo hiyo usiione ndogo. Baadhi ya wateja wako wana umri wa mama yako, na jibu la mashine lisilo na salamu watalichukulia kama dharau.

Siri ya mteja imesikika mtaani

Hii haina dalili ndogo. Ukiisikia mara moja, simamisha mengine yote utafute tundu, ukianza na yale ya karibu. Stetasi: ulipiga skrinshoti ya mteja anakushukuru, jina limeonekana, au namba, au picha yake kwenye duara. Kundi la WhatsApp: uliwaweka wateja wote pamoja, na sasa kila mtu anajua nani anasaidiwa madeni. Baraza: mteja wa saa nne anamsikia wa saa tatu kupitia dirisha la nyavu. Mtoto: anachezea simu ya kazi. Daftari: limebaki mezani siku ya shughuli.

Matundu mawili ya kwanza yanazibwa leo. Shukrani ya mteja haipandi stetasi bila ruhusa yake ya maandishi, na kwa matangazo tumia broadikasti badala ya kundi, kwa kuwa huko wapokeaji hawaonani, ila hakikisha kila mmoja ameihifadhi namba yako, la sivyo haitamfikia. Dirishani weka redio nje kwa sauti ya wastani, au umpe anayengoja kiti upande wa pili wa nyumba. Kwenye daftari tumia herufi na namba badala ya majina kamili, na orodha ya nani ni nani ikae kwingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa wanaokusanya taarifa za watu kwa kazi, na inataka wasajiliwe kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata kabla ya kufika kwenye usajili, msingi wake mmoja unasaidia sana kupunguza mzigo: kusanya kile tu kazi inachohitaji. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mama anayekuja kujifunza kupanga bei ya vitenge huihitaji. Usipoichukua, haiwezi kuvujia kwako.

Simu imeibiwa, imetumbukia majini, au imekufa tu

Jaribio: zima simu yako sasa hivi, chukua karatasi, andika wateja wa kesho na namba zao. Ukishindwa, majina hayapo kwenye Gmail na kalenda iko kwenye simu peke yake. Weka vyote kwenye akaunti ya Google, washa chelezo ya WhatsApp, weka na PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili ili mwenye simu yako asijifanye wewe. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15 na video za harusi huimaliza upesi, kwa hiyo akaunti ya kazi iwe ya kazi. Daftari la karatasi lipige picha kila wikiendi, kurasa mpya tu.

Mfumo wenyewe umekufa baada ya wiki tatu

Ulianza vizuri, kisha siku mbili hukuandika, kisha wiki, sasa daftari liko chini ya magazeti. Watu husema ni uvivu. Mimi kwanza huhesabu ni mara ngapi jambo moja linaandikwa. Malipo ya Salma yameandikwa kwenye kaunta buku, kwenye jedwali la simu, na kwenye daiari. Hakuna binadamu anayeandika kitu kimoja mara tatu kwa hiari kwa zaidi ya mwezi. Futa mawili. Jedwali la simu ni zuri kwa anayependa, na kwa wateja kumi na watano halikupi kitu ambacho daftari halikupi, isipokuwa kujumlisha.

Kikiandikwa mara moja tu na bado kinakwama, tazama kama kuna muda uliopangiwa. Nusu saa, Jumamosi asubuhi kabla watu hawajaanza kupiga hodi: miamala ya wiki dhidi ya daftari, kurasa za wateja wa wiki ijayo, waliowekewa lebo ya "namdai jibu", na ule ukurasa wa "haijapata mwenyewe". Muda huo uwekwe kwenye kalenda kama mteja, maana usipouweka utampa mtu.

Ikiwa una mrundo wa miezi sita nyuma, usianze kuupanga. Anza na walio hai leo: andika orodha yao, wape kurasa, umuulize kila mmoja kwenye kikao kijacho vimebaki vikao vingapi na mnadaiana nini, na ukubali jibu lake pale ambapo huna ushahidi. Karatasi za zamani zitie kwenye bahasha za khaki kwa mwaka, andika mwaka kwa maka nene, uzipandishe juu ya kabati. Sakafuni mchwa na unyevu wa pwani vitazimaliza kabla miaka 5 haijaisha.